Unisafishie Simu

Katika kibanda chetu cha kutengeneza simu, katika mtaa wa Mutakura, "kusafisha" ilimaanisha kufuta programu yote ya simu na kuingiza nyingine kwa kebo. Kazi hiyo niliijua kwa kuangalia mikono ya wenzangu, maana niliogopa kuuliza. Shule niliiacha darasa la sita. Lakini simu za zamani zilinikubali. Kwa wiki nyingi nilikaa mbele ya kompyuta nikiyabadilisha maneno ya Kifaransa ndani ya programu moja kuwa ya Kiswahili, neno moja moja, mpaka simu ya majaribio ikawaka na kuandika "Karibu". Nikatamani kumwekea mtu programu hiyo.

Akaja mama mmoja kutoka mtaa wa Carama, muuza unga. Vitufe vya simu yake vilikuwa vyeupe kwa unga.

"Unisafishie hii simu, kijana. Inanisumbua."

Mwingine angeuliza inamsumbuaje. Mimi niliinamisha kichwa, nikachomeka kebo.

Aliporudi alifurahi kukuta Kiswahili. Akabonyeza, akatafuta, kisha akanigeuzia kioo. Kilisema "Hakuna ujumbe". Maneno hayo niliyaandika mimi.

"Na message ya mtoto wangu iko wapi?"

Akanieleza kwamba mwanawe wa kwanza alikimbia vita, na kwa miaka miwili hakusikika. Mwezi ule alikuwa ameandika kwa simu ya kuazima, akataja kambi aliyomo ng'ambo ya mpaka na namba ya kumpata. Mama hakujua kusoma vizuri. Alikuwa akingoja mtu wa kanisani amnakilie kwenye karatasi.

"Mi nilisema utoe unga," alisema taratibu.

Nilijua nimekosea. Nikasema, "Simu ilikuwa imeshakufa ndani, Mama. Ujumbe ulikuwa umeshapotea."

"Basi si weye. Pole na kazi."

Hapo ndipo ninapoona aibu zaidi mpaka leo, kuliko pale nilipochomeka kebo.

Alirudi Ijumaa, na Ijumaa iliyofuata. Hakuja kulaumu.

"Ebu nipigie, nione kama inaita. Labda mtoto wangu anapiga, inakataa."

Nilimpigia tukiwa tumeachana hatua mbili tu. Ikaita. Aliiacha iite mara nne, akiitazama.

"Iko muzima," akasema. "Ulitengeneza vizuri."

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia kwamba mimi ndiye niliyeufuta ujumbe. Nikakata simu, nikaangalia chini.