Tone la Bukuru, Tone la Butoyi

Harufu ya mafuta ya habasoda ikinipata popote, hata kwenye foleni ya duka la dawa, koo langu hujifunga lenyewe. Wanangu husema najifanya. Hawakuwepo kijijini kwetu Makere miaka ile ya sabini, ndiyo maana.

Tulikuwa mapacha, Bukuru na mimi Butoyi, na kwetu Waha pacha hatendewi jambo peke yake. Gauni likinunuliwa, yananunuliwa mawili. Bukuru alipochapwa kwa kuvunja chungu, nami niligongwa kidogo, ili tusipishane. Basi alipoanza kukohoa, siku tatu kabla ya Sabasaba, nilijua dawa itanihusu.

Mama alikwenda Kasulu mjini kwa Mzee Seif, mwenye duka aliyeletewa mafuta hayo na ndugu zake wa Tanga. Alirudi na kichupa kisichozidi kidole gumba, na maonyo marefu kuliko safari yenyewe.

"Amesema ni ya kupaka, si ya kunywa. Tone moja tu, ulichanganye na mawese, maana yenyewe yanaunguza."

Akatupaka vifuani wote wawili. Bukuru akaanza kupumua vizuri. Mimi niliyekuwa mzima nikanukia duka zima la viungo.

Sasa, mimi ndiye niliyechaguliwa kuongoza wimbo wa shule siku hiyo ya Sabasaba, mbele ya wakubwa wa wilaya. Sikuwahi kuwa na kitu changu peke yangu, na wimbo ule ulikuwa wangu. Nikawaza: kama tone juu ya ngozi limefungua kifua cha Bukuru, funda zima kooni litanifanya niimbeje? Mama alipokuwa uani akipura maharage, nikapiga funda.

Moto! Nilitaka kupiga yowe, ukatoka mluzi. Mama akaja mbio, akaninyang'anya kichupa, na kwa mazoea tu, Mungu amsamehe, akageuka:

"Na Bukuru yuko wapi?"

Bukuru alikuwa keshafika juu ya mparachichi. "Nimepona, Mama! Nimepona kabisa!"

Mama akakitazama kichupa mkononi mwake, akaketi chini penye maganda ya maharage, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akanibeba mgongoni hadi zahanati, mtoto mkubwa wa miaka tisa, bila kupumzika njiani. Mganga akaniamuru ninyamaze siku tano.

Sabasaba Bukuru aliongoza wimbo, akashangiliwa kwa jina langu. Nilikuwa kando ya Mama nikilia kwa hasira, bila sauti.

Miaka mingi niliamini kwamba Mama alikuwa akitupimia haki. Halafu nami nikajifungua mapacha. Siku mmoja wao alipobanwa na kifua, nilichanganya tone na mawese, nikampaka, na kabla sijawaza lolote mkono wangu ulikuwa umeshafika kwa yule mzima. Niliogopa kubaki na mmoja, na ndipo nilipoelewa kwamba naye Mama alikuwa akiogopa, na machozi yake siku ile hayakuwa ya kicheko tu.