Kimo cha Babu Yake

Mwanangu wa kwanza alipewa jina la baba mkwe wangu, kama ilivyo desturi kwetu Ukambani. Tangu siku hiyo mama mkwe akawa anamwita "mume wangu". Nyanya humwita hivyo mjukuu aliyechukua jina la mzee wake. Mimi nami sikuweza kumfokea mtoto ovyo, maana alikuwa baba mkwe wangu.

Marehemu mzee alikuwa mfupi, mtu wa kukaa sana. Hapo ndipo tulipopotea.

Mtoto alipofika umri wa kukimbia, hakukimbia. Wenzake pale kijijini kwetu Kalamba walipokimbizana, yeye alikwenda hatua chache tu kisha akakaa chini, akihema. Nyanya yake alicheka hadi akashika mbavu. "Mume wangu amezeeka! Mleteeni kiti!" Akina mama wa kanisani nao walimpa mkono kwa heshima na kumuuliza habari ya mifupa. Alipoanza kubandua udongo ukutani na kuutafuna, hilo nalo likapata maelezo: ati mzee anaonja nyumba aliyoijenga.

Mzaha ule ulinichoma roho. Kila niliposema mtoto haongezeki, mama mkwe alinijibu, "Woi, sasa wewe ulitaka urefu atoe wapi? Si amefuata mwenye jina." Mume wangu mimi, baba wa mtoto, aliitikia kwa kichwa. Ningebishana vipi na marehemu?

Nilimpeleka hospitali kwa ajili ya kikohozi. Daktari alimvuta kope ya chini ya jicho, akamgeuza viganja, akaniuliza umri wake.

"Miaka minne."

"Mama, uko sure?"

Wakampima damu. Daktari akauliza mtoto anakula nini. Nikamwambia: chai na mkate asubuhi, ugali na mboga kidogo mchana, jioni muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na chai tena. Nyama ni Krismasi. Akasema damu imepungua sana kwa kukosa madini ya chuma, tena kwa muda mrefu, na ile chai tunayompa pamoja na chakula inazuia hata hayo machache yasiingie mwilini. Nikauliza kama si kwamba amemfuata babu yake. Hakucheka.

"Mama, huyu hajafuata mtu. Huyu ni mgonjwa."

Niliwachukia wote waliowahi kumpa mkono mwanangu kama mzee.

Dawa ilifanya kazi. Udongo aliuacha, viganja vikapata rangi, akakimbia. Nilimshukuru Mungu, kisha nikamuuliza daktari atarefuka lini. Akasema tuendelee kumpima. Tumempima mpaka nimechoka kuutazama ule ubao wao wa kupimia kimo.

Sasa anasoma gredi ya pili. Herufi aliyoijua jana, leo haijui. Mwalimu humkalisha mbele ili aone ubao, na husema ni mtoto mwenye adabu sana. Najua maana ya sifa hiyo: hana nyingine ya kumpa, na sina la kufanya.

Binti yangu alizaliwa miaka miwili baada yake, naye tangu siku ile ya hospitali tumemlisha kama tulivyofundishwa. Mwaka huu, shule zilipokaribia kufunguliwa, viatu vyake vikaanza kumbana. Nilivifuta, nikavipaka rangi, nikampa kaka yake. Alivivaa, akatembea navyo uani, akaniambia ni vizuri, tena vimebakisha nafasi.