Sauti Namba Nne

Mtangazaji wa stesheni ya treni alianza kumshuku mkewe siku ya Jumatano, saa kumi na moja jioni, mkewe alipoingia ndani sauti imemkauka.

"Umeimba wapi leo?" akamuuliza.

"Niimbe nini? Simu za hospitali hizo. Wagonjwa wanapiga wote kwa mpigo mmoja."

Mkewe alikuwa mpokea simu hospitalini kwa miaka kumi na sita, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kurudi na koo kavu. Tena kitambaa chake cha kichwa kilinuka zulia lililolowa. Hospitali haina mazulia. Mtangazaji akalitia hilo moyoni.

Mchana alitangaza treni. Jioni, mara moja kila baada ya miaka miwili mitatu, aligeuka Bwana Majivu, yule adui wa filamu za kigeni zilizotolewa kwenye vitabu vya katuni: askari wa zimamoto aliyeungua, akavaa kinyago cha bati, akaapa kuuteketeza mji mtaa kwa mtaa. Kinyago kinamfunika mdomo, kwa hiyo Majivu ni sauti tu, na katika filamu tatu zilizotiwa Kiswahili sauti hiyo ilikuwa ya mtangazaji. Muuza duka alimwita Majivu. Kinyozi naye vilevile. Alipotangaza kwamba treni ya saa nne imechelewa, kuna abiria walioangaliana.

Kazi ilikuwa kwenye kicheko. Alikifanyia mazoezi nyumbani, na mara ya kwanza mama mkwe wake, aliyeishi nao, aliangusha sufuria ya maji ya moto, nusura aunguze miguu. Tangu hapo ikawa sheria ya nyumba: kabla ya kucheka, gonga meza mara mbili. Mama mkwe akisikia ngo, ngo, anatua alichoshika, anasema, "Haya, nimejishika," ndipo adui anacheka.

Sasa huko ng'ambo mwigizaji wa zamani alikuwa amejitoa, na kinyago amepewa mtu mwingine, mwembamba, wa kunong'ona. Mtaani kila mtu alikuwa na mwigizaji wake. Kinyozi alimtaka mcheza mieleka. Muuza duka alisema wangempa yule mama wa kambo wa tamthilia ya saa mbili, "maana yule hata akimimina chai mimi nasogea." Mtangazaji alicheka nao, lakini aliondoka na lake kichwani. Kama uso umebadilishwa, sauti itaachwa?

Studio hawakumwambia kitu, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi. Fundi mitambo alikuwa na karatasi aliyoifunika kwa kiwiko kila mtangazaji alipopita. Halafu kulikuwa na Shujaa, yaani kijana anayemtilia sauti shujaa wa filamu hizo. Miaka minane walikuwa wakitukanana kwenye maikrofoni, kisha wanakunywa chai pamoja. Siku hizi Shujaa alimwita "mzee wangu", kwa upole wa mtu aliyekuja kutoa pole.

"Mnanificha nini?"

"Tukufiche nini, mzee wangu? Kunywa chai."

Jumatatu mwenye studio akamwita, akamkalisha chumba cha kusikilizia, akampa karatasi na penseli.

"Sauti tano. Hazina majina, zina namba. Yako ni namba mbili, ya filamu iliyopita. Toa alama, mwisho kumi. Atakayeshinda ndiye Majivu."

"Na nikijipa kumi?"

"Utakuwa umejipa kumi."

Mlango ulipofungwa akaisikia harufu. Kipoza hewa kilivuja, na zulia la pembeni lilikuwa limelowa. Kitambaa cha mkewe. Mkewe humu ndani, na nani? Na fundi? Na yule wa "mzee wangu"?

Namba moja alikuwa Shujaa mwenyewe, amelikaza koo. Alama nne. Namba mbili alijisikiliza yeye, na akasikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia: mwisho wa kila sentensi ndefu alikuwa anaiba pumzi. Akaandika saba, akaishusha ikawa sita. Namba tatu alipiga kelele tu.

Ikaja namba nne. Ngo, ngo. Kisha ikacheka.

Ilikuwa sauti ya chini, haina haraka, huwezi kujua ni ya mwanamume au ya mwanamke, na nywele zilimsimama. Duniani kulikuwa na nyumba moja tu ambamo Majivu hugonga meza. Mama mkwe hana pumzi za hivyo. Alibaki mmoja.

Mashaka yake mawili yakawa moja, wala hayakupungua uzito. Alikuwa akisikilizwa nyuma ya ukuta kwa miaka minane. Yeye akiwa stesheni, mwenzake alikuwa anamchekea nani?

Namba tano ilipita asiisikie. Akimpa mkewe tatu, hakuna atakayejua. Akakunja karatasi, akamwambia fundi ataileta kesho.

Alimkuta mkewe jikoni anamenya viazi. Hakugeuka.

"Umenipa ngapi?"

"Tangu lini?"

"Tangu Shujaa aliponidokeza wanatafuta mwingine. Walikuwa wanakuondoa, baba. Nikasema sauti isitoke humu ndani."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia, ungenikataza au ungenifundisha. Vyote sikuvitaka."

Alimtazama mgongoni, akitafuta uongo ulipokaa. "Cheka nikuone."

Mkewe akaweka kisu chini, akagonga meza mara mbili.

"Haya, nimejishika!" mama mkwe akaitikia kutoka chumbani.

Kisha mkewe akacheka, na mtangazaji, aliyekuwa hatua mbili tu kutoka kwake, akajikuta yuko hatua tatu. Akatandaza karatasi kati ya maganda ya viazi. Penye namba nne akaandika tisa.

Mkewe akaisoma. "Moja umeipeleka wapi?"

"Umegonga meza. Adui hagongi hodi."

"Akiacha kugonga," sauti ikasema kutoka chumbani, "mimi nahama."