Kibodi Upande wa Pili wa Kioo

Siku niliyoripoti kazini mjini Embu, nikiwa na shahada ya uzamili katika elektroniki na tai niliyoazima kwa kaka yangu, amri ya kwanza niliyopewa ilikuwa kuvua viatu kwenye zulia la mlangoni. Katika miaka ile ya tisini, ofisi iliyobahatika kupata kompyuta iliitengea chumba chake, na chumba hicho hakikuingiwa na viatu. Vijana mnaosoma haya mtacheka, lakini tuliamini kwa dhati kwamba vumbi la udongo mwekundu lingeziua mashine zile. Aliyeingia na viatu alitazamwa kama mtu aliyemwingiza ng'ombe jikoni.

Mwajiri wangu alikuwa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Mkubwa wangu, Meneja Mkuu, aliipenda sheria ya viatu kuliko alivyozipenda kompyuta zenyewe. Aliamuru dirisha la kioo lililotazama ukumbini lizibwe pembeni kwa gundi, na sakafu ipigwe nta kila asubuhi. Mkewe alifuma vitambaa vyeupe vya uzi, na kila mashine ikavishwa chake. Nilipouliza kwa adabu iwapo vitambaa hivyo havizuii hewa ya kupoza mashine, alinijibu, "Injinia, wewe ni wa mashine. Usafi niachie mimi."

Kazi iliyonifanya niandike haya ilianza kwa sababu ya Kagendo, mpiga chapa wetu aliyetoka Mikinduri. Hakuna aliyemshinda kwa taipureta. Ugonjwa wa kupooza ulimpata utotoni, akatembea kwa mkongojo na vyuma vya mguu, na kiatu chake cha kulia kilikuwa kimeungwa moja kwa moja kwenye vyuma hivyo. Akikivua, hakuweza kutembea. Alijaribu kukifunga kwa kitambaa, lakini kwenye sakafu ile yenye nta mguu ulimponyoka, akajishika mlangoni kwa bahati. Bodi ya chama ilikuwa imekwisha kuamua kwamba barua zote zihamishiwe kwenye kompyuta, na kwamba mpiga chapa asiyeitumia kufikia mwisho wa mwaka aende nyumbani. Kagendo alikuwa anamlea mama yake na wadogo zake kwa kazi ile.

Nilimwendea Meneja nikiwa na hoja niliyoipanga kwa makini. Nilimweleza kwamba kiatu kimoja kilichofutwa vizuri hakina vumbi la kutisha.

"Leo kiatu kimoja," alisema, "kesho ni nini? Gumbuti? Sheria ni sheria."

"Basi tutoboe tundu dogo chini ya dirisha, Meneja. Tupitishe waya wa kibodi, akae ukumbini, skrini tumgeuzie."

"Tundu ni mlango wa vumbi. Wewe si umesoma? Rimoti ya televisheni yangu haina waya na inafanya kazi. Nitengenezee kibodi ya namna hiyo, aandike akiwa nje ya kioo."

Mtu alikuwa radhi kubadili kanuni za uhandisi ili asibadili kanuni ya zulia la mlangoni.

Nilipomweleza Kagendo, alicheka hadi akafuta macho. "Kwa hivyo nitakuwa naandika kama mtu anaongea na mgonjwa wa hospitali, kupitia dirisha?"

"Nitajitahidi iwe nzuri."

"Ai, Injinia, jitahidi. Mimi nataka tu kazi."

Nieleze kazi yenyewe, maana siku hizi mnanunua kibodi isiyo na waya dukani bila kuwaza. Kibodi ya wakati ule ilizungumza na kompyuta kwa nyaya nne: mbili za umeme, moja ya data, na moja ya mapigo, yaani ishara inayoiambia data ipite lini. Nilizikata nyaya hizo zote. Upande wa kibodi nikaweka betri na kitoa mwanga wa aina ya rimoti, mwanga usioonekana kwa macho lakini unaopita kwenye kioo cha kawaida. Upande wa kompyuta nikaweka kipokezi, kijicho kidogo cheusi kinachougeuza mwanga huo kuwa herufi tena.

Ugumu ni kwamba mazungumzo hayo ni ya pande mbili. Kompyuta ikiwashwa huiuliza kibodi kama ipo, na isipojibiwa hugoma. Mwanga wangu ulikwenda upande mmoja tu. Ikabidi niweke kwenye kipokezi chipu iliyojibu "nipo" kwa niaba ya kibodi, hata kama kibodi ilikuwa ukumbini na Kagendo amekwenda kunywa chai. Nilikosa usingizi kwa ajili ya chipu hiyo. Nilijiuliza kama ni haki kuifundisha mashine kusema uongo, kisha nikajiuliza kwa nini mtu mzima anajiuliza swali kama hilo.

Ilipofanya kazi mara ya kwanza, jina la Kagendo likatokea kwenye skrini upande wa pili wa kioo, naye akapiga meza kwa furaha. Alasiri jua la Embu likaingia dirishani, likakizidi nguvu kipokezi, na herufi zikaanza kupotea. Nikakitengenezea kofia ya karatasi ngumu. Siku chache baadaye herufi zikakoma kabisa. Nilifungua kila kitu, nikapima betri, nikapima chipu, nikaunganisha upya viungo vilivyokuwa vizima. Mwishowe nikaingia chumbani bila viatu na kukuta kipokezi kimevishwa kitambaa kipya kidogo cha uzi, chenye maua pembeni.

"Mke wangu amekifuma makusudi," Meneja alisema kwa fahari. "Kitu cha thamani hakikai uchi."

"Meneja, hilo ni jicho. Umelifunika jicho."

"Si kitambaa kina matundu?"

Matundu yalikuwepo, ni kweli. Nilijadiliana naye kuhusu matundu hayo asubuhi nzima, mpaka akakubali kitambaa kikunjwe upande mmoja, kama pazia.

Ndipo Mwenyekiti wa Bodi alipokuja kuona ajabu yetu. Alikuwa mkulima mzito wa Manyatta, na mvua ilikuwa imenyesha huko, kwa hiyo alifika moja kwa moja kutoka shambani akiwa na gumbuti zenye tope hadi magotini. Meneja alimfungulia mlango wa chumba cha kompyuta. Nilisubiri aseme lile neno lake la viatu.

"Karibu, Mwenyekiti," akasema. "Karibu kabisa."

Gumbuti zikapita juu ya zulia, zikapita juu ya nta, zikaacha madongo mekundu hadi mbele ya mashine. Kagendo aliyaona yote kupitia kioo.

"Kagendo, andika!" Meneja aliita.

Akaandika. Skrini haikuonyesha kitu. Mwenyekiti alikuwa amesimama katikati ya kioo na kipokezi, na mwili wake mpana ulizuia mwanga wote. Nilimwomba asogee. Akasogea kidogo upande nilioelekeza mkono, lakini kwa upana wake bado akaziba.

"Huyu msichana anafanya nini huko nje?" aliuliza.

"Ni teknolojia, Mwenyekiti," Meneja alisema.

"Ni viatu," nikasema mimi.

Kagendo hakusubiri tumalize. Tulisikia mkongojo ukumbini, kisha kile kiatu chenye vyuma kikagonga sakafu ya chumba, polepole, kikikanyaga mahali palepale penye tope, kwa sababu tope lilikuwa limeifunika nta na pale hapakuteleza. Akavuta kiti, akakaa.

"Injinia, niletee ile ya waya."

"Kagendo," Meneja akaanza, "kiatu..."

"Nitavua, Meneja. Tutavua pamoja na Mwenyekiti."

Mwenyekiti alitazama gumbuti zake, akatazama sakafu nyuma yake, kisha akacheka kicheko kikubwa cha sokoni. "Mwache aandike. Huyu ndiye naelewa anachofanya."

Niliunganisha kibodi ya kawaida. Kagendo aliandika barua ya kumkaribisha Mwenyekiti, na hakuna aliyemtoa chumbani humo tena. Sisi wengine tuliendelea kuvua viatu.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Meru. Meneja wa huko alikuwa amesikia habari na alitaka kibodi isiyo na waya. Nilimuuliza kwanza ni nani asiyeruhusiwa kuingia chumbani. Alinishangaa. "Hakuna. Nataka tu kama ya Embu." Nikamtengenezea. Haikupoteza herufi hata moja, labda kwa kuwa hakuna maisha ya mtu yaliyoitegemea.

Nimestaafu sasa, naishi kwetu Gachoka, na vijana huniuliza ni kifaa gani ninachojivunia. Nilikuwa na jibu, kibodi ile ya Embu, mpaka majuzi, nilipopita Embu na kumkuta Kagendo katika ofisi yake mwenyewe ya kuchapa, mvi zimemjaa, mkongojo umeegemezwa ukutani. Tulikunywa chai. Nikaanza kumwomba radhi kwa usumbufu wa kibodi ile iliyokuwa ikikwama kila mara.

"Wacha hiyo," alisema. "Mimi nilikuwa naogopa siku itakapoacha kukwama."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ungeitengeneza vizuri, Injinia, mpaka leo ningekuwa bado niko pale nje."