Kiganja cha Uwele

Tarehe nilizipata kwa kuchelewa, kwa hiyo sizichezei. Nilijiunga na darasa la watu wazima Jumatatu, tarehe 10 Januari, nikiwa na miaka hamsini na mmoja, minne kati yake ya ujane. Kabla ya hapo nilihesabu maisha kwa mvua na njaa, kama majirani zangu. Hata siku ya ndoa yangu niliijua niliposoma mwenyewe cheti cha kanisa: Jumamosi, tarehe 12 Agosti.

Najua basi kwamba ilikuwa Jumapili, tarehe 13, nilipopiga magoti mbele ya jiwe la kusagia la ukoo wa mume wangu. Katika nyumba ile bibi harusi husaga uwele kabla ya kuonja chochote, wake wa ukoo wakiwa wamemzunguka. Kila anapokaribia kumaliza, mmoja wao humwongezea kiganja kimoja, na wote hucheka. Aliyeniongezea mimi alikuwa mke wa shemeji yangu mkubwa, ambaye hadi leo namwita dada. Aliongeza mara tisa. Mchana ule sikuweza kushika tonge, viganja vilikuwa vimechubuka. Miaka iliyofuata nami niliwaongezea wengine, na mkono wangu si mdogo.

Jumanne, tarehe 5 Septemba, mwaka juzi, mwalimu wetu alitusomea hadithi ya kijiji ambako kila mzazi wa mtoto wa kwanza alitembezwa peku juu ya majivu ya moto. Waliochochea majivu yale walikuwa wanawake wenye makovu miguuni. Mwalimu, binti wa umri wa mwanangu, alituuliza tunawaonaje. Nilisimama wa kwanza. Nilieleza kwa ufasaha mkubwa kwamba wale hawakuwa watu, na kwamba mimi ningeyamwagia maji majivu yote.

Jirani yangu wa dawati, mama wa Kondoa mwenye duka la vitenge, alinisubiri niketi.

"Mama, si Jumamosi unamwoza kitinda mimba wako?" akauliza. "Jiwe umeshaliosha?"

Darasa lilicheka hadi mwalimu akaweka kitabu chini. Nilikuwa nimelisifia jiwe lile tangu Julai. Nilimjibu kwamba hayo ni mambo ya heshima, si majivu. Nilirudi nyumbani Makutupora nimenuna, nikapita kati ya mizabibu bila kumsalimu mtu. Nyumbani nililitazama jiwe. Nilikuwa nimeliosha, ndiyo.

Kulificha nisingeweza. Mume wangu alipofariki, ukoo uliniachia mimi kulitunza, na ninaona fahari kwa hilo. Lakini mkamwana niliyemngoja ni karani wa ofisi mjini. Unga anaoujua ni wa mashine. Kwa siku nne nilijiuliza mikono yake ingefika Jumatatu kazini katika hali gani, na mimi ningeitwa nani ndani ya moyo wake.

Jumapili, tarehe 10, alfajiri, alikuja na kanga mbili, akatuamkia wote shikamoo, akapiga magoti. Alisaga vibaya mno. Nusu ya uwele iliruka hadi kwa kuku, nao walifurahia harusi kuliko sisi. Hata hivyo alikazana, na lundo likapungua. Dada akachota kiganja chake.

Nilisema kabla ujasiri haujanitoka: "Dada, leo anayeongeza ndiye atakayesaga."

Dada akaniuliza nimeyatoa wapi, shuleni? Nikakiri kwamba ndiyo, shuleni. Akasema jambo hili lilikuwapo kabla yangu. Nikamuuliza nani alilianzisha, na kwa sababu gani. Akakitazama kiganja chake, bado kimejaa.

Kisha akaumwaga uwele ule juu ya jiwe, akamsogeza bibi harusi kwa kiwiko, akapiga magoti yeye mwenyewe. Ana miaka sabini. Alisaga kwa mikono miwili, mgongo ukienda na kurudi, na unga ukatoka laini kama vumbi la barabara ya Kondoa. Tulimtazama kwa wivu. Alipomaliza hakuweza kuinuka, akalilaumu jiwe, akamlaumu marehemu mumewe, hadi mkamwana wangu akamshika kwapani na kumnyanyua.

Dada hakuiachia mikono ya mkamwana. Aliigeuza juu, akatazama uwekundu uliokwisha kuanza.

"Yangu ilitoa damu siku tatu," akamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mwambie mama yako akupake samli."

Nilileta samli. Nilimpaka mkamwana kwanza, halafu, kwa kuwa dada naye alikuwa amenyoosha mikono, nikampaka yeye. Ugali ulitosha watu wanne tu. Tulikuwa kumi na mmoja, tukamtuma mtu mashineni.