Kurasa Saba Nilizozitupa

Kila siku ya kazi, saa sita mchana, king'ora cha mgodi kililia, na mtaani kwetu Musonoi kila mtu alijua la kufanya kabla ardhi haijatikisika: kufunika sufuria ya mboga ya sombe, kumvuta mtoto mbali na ukuta wenye ufa. Kisha baruti ililipuka, na vumbi jekundu likaingia ndani bila hodi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na sikuona kuwa jambo hilo lilifaa kuandikwa. Mambo ya kuandikwa, kwa akili yangu ya wakati ule, yalikuwa makubwa. Kwa hiyo nilipojiunga na warsha ya uandishi ya wanafunzi, kila Jumamosi katika ukumbi wa parokia, niliandika kurasa nane kumhusu baba, mlipuaji wa baruti, nikampamba kwa maneno mazito mpaka mwenyewe asingejitambua.

Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia. Wanafunzi watano tu wangesoma, na baba alikuwa amekata shauri: nisipochaguliwa, Jumamosi zangu zitakuwa za kuuza unga sokoni Manika pamoja na mama. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hadithi inamhusu yeye. Alifurahi sana, akapiga pasi shati wiki nzima kabla.

Mama Odette, mwalimu mstaafu aliyetuongoza, alikuwa na utaratibu wake. Unasoma mara moja, unafunika karatasi, unafunga mdomo. Wenzako wanakusimulia hadithi yako upya. Nilisoma kurasa zote nane kwa sauti ya askofu. Rafiki yangu Kapinga akasema, "Mi nakumbuka tu ile fasi mama iko naegemea kabati na mugongo, masahani isianguke." Wengine hawakukumbuka kingine. Sehemu hiyo ilikuwa sentensi moja, niliyoitia ili kujaza ukurasa.

"Byenye bantu banasahau, utoe," Mama Odette akasema, yaani watu walichokisahau nikiondoe. "Usihurumie."

Nilimchukia, nikamchukia na Kapinga, nikalia njia nzima. Ningemtoaje baba, na shati limeshapigwa pasi? Nikaandika upya, nikamficha katikati. Waliposimulia, baba hakuwamo. Mara ya nne nilibaki na ukurasa mmoja: king'ora, mgongo wa mama, sahani zikigongana, na mwishoni mstari mmoja kwamba aliyewasha baruti ni mume wake. Safari hiyo Kapinga alisimulia yote bila kuruka kitu. Nikachaguliwa.

Siku yenyewe nilisoma bila kuthubutu kumtazama baba. Saa sita yeye huwa kazini. Hakuwahi kuona kabati lile likitikisika. Makofi yalipokwisha alimgeukia mama.

"Mama Ngalula, kila siku?"

"Kila siku, tata," mama akajibu, kama anayezungumzia kuchota maji.

Baba akanishika bega. "Samedi mi niko repos. Nitauzisha na mama yako. We, enda kuandika." Alikuwa amenipa Jumamosi zake za mapumziko, nikahisi ukumbi mzima ni wangu.

Siku hizi nimetunga vitabu viwili, na kompyuta inafuta sura nzima kwa kidole kimoja. Ni rahisi mno. Mara nyingine hata sijui nimefuta nini. Zile kurasa saba niliziondoa kwa mkono, na kila moja niliijua kwa moyo. Wasomaji wananisifu, nami nashukuru, lakini sijapata tena msikilizaji kama yule aliyesikia ukurasa mmoja tu, akaamka kesho yake na nyundo, akapigilia kabati la mama ukutani.