Wali wa Kwanza wa Mizimu

Enzi zetu, nyinyi mliokulia upande wa Pangi mtakumbuka, hakuna aliyekula wali mpya kabla mizimu haijaonja.

Mpunga ulipokomaa tulitoka Kindu na mama kwenda kijijini kwa tate, baba yake mama, mtunzaji wa nyumba ya mizimu. Ilikuwa kanyumba ka miti na majani, kakubwa kidogo kuliko kibanda cha kuku. Wanawake walifagia njia. Tate alipaka nguzo pembe, ule udongo mweupe, akaweka wali na samaki wa moshi, huku akiita majina ya wazee waliokufa, mmoja baada ya mwingine, kama anawakaribisha mezani. Kisha ngoma mpaka jioni. Sisi watoto tulingoja masalio, maana wali wa mizimu ulitiwa mawese mengi kuliko wetu.

Vita vilipotukuta huko, kijiji kizima kilikimbilia msituni. Watu wenye bunduki walipita barabarani, na mpunga ulikuwa tayari. Wanaume walinyemelea mashamba wakati wa ukungu, wakarudi na mavuno kidogo. Wali ulipoiva tulinyoosha mikono. Tate akatuzuia.

"Wazee hawayakula," alisema.

Mama alikuwa amempakata Salumu, mdogo wangu, miguu imemvimba kwa njaa.

"Baba, wazee walisha kufa. Huyu mutoto njo angali muzima."

Hakuna aliyewahi kumjibu tate hivyo. Alichukua kipande cha pembe. Kisha akampaka Salumu pembe kwenye paji la uso, akafinyanga tonge, akamlisha. Kwa kila tonge aliita jina la mzee mmoja, kwa sauti ndogo. Ngoma ingetuuza kwa wenye bunduki, basi wanawake walicheza bila hata kupiga makofi. Majani tu ndiyo yaliyosikika chini ya nyayo.

Salumu alipona. Tate alifia kulekule msituni, na tuliporudi kijijini nyumba ya mizimu tuliikuta majivu.

Siku hizi imejengwa upya, ya mabati. Vijana wanafika na pikipiki, wanafungulia muziki wa bafle, yale maspika makubwa, wanajipiga picha mbele ya nyumba kabla ya kuisalimia mizimu. Wali unaliwa ukiwa bado jikoni. Hakuna anayeogopa kusikika, na hilo ni jema. Kijana mmoja hupewa kazi ya kuita wazee. Anataja jina la tate, anatafuta la pili, halafu anawaomba wenzake waongeze muziki.